Kondoo wa Timau Hawakula Kiapo

Mwezi uliopita tulimzika Kanyua huko Kiirua. Upepo wa upande ule ulivuma siku nzima, hata turubai likawa linapiga kelele kumshinda mhubiri. Mhubiri mwenyewe alikuwa kijana mwenye sauti nzuri, na hakumjua marehemu. Alisema kwamba mama yetu huyu aliwahi kufungwa na laana za zamani, laana za viapo vya kupigana na Wazungu, vya wakati wa Dharura, lakini Bwana akamfungua. Watu wakaitikia amina. Mimi nilikuwa nimeketishwa mbele pamoja na wazee wengine, blanketi magotini. Nikainuka. Mjukuu wangu akanishika kiwiko akidhani nataka kwenda msalani. Nilimwendea mhubiri nikamwomba kipaza sauti, naye akanipa kwa sababu mimi ni mzee na hakujua afanye nini. Nikasema, "Kanyua hakufunguliwa laana yoyote, kwa kuwa hakuwahi kuwa nayo. Walitaka akiri, akakataa. Alikataa akiwa na njaa na akiwa na mimba, na mimi nilikuwepo. Msimzike na uongo alioukataa akiwa hai." Kisha nikamrudishia kijana chombo chake nikaketi. Hakuna aliyeitikia amina.

Wakati wa chakula wajukuu zake walinijia na sahani zao. Walijua tu kwamba nyanya yao aliwahi kuolewa upande wa Embu, na kwamba mwaka fulani wa Dharura ulikuwa mbaya. Habari za kondoo hawakuwahi kuzisikia. Nilishangaa, halafu sikushangaa. Wengi wetu tulinyamaza. Tulikuwa na mashamba ya kukomboa na watoto wa kusomesha, na aliyesimulia sana alionekana anataka kulipwa kitu. Lakini ukinyamaza mno, mwishowe kijana mwenye kipaza sauti anakujazia maneno yake. Kwa hiyo naandika, na sitaanza na ukoo wala kuzaliwa kwangu. Naanza na chumba.

Kilikuwa chumba cha duara, cha udongo uliokuwa bado mbichi. Tuliagizwa kuhama kutoka mashamba yetu, nyumba zetu za zamani zikachomwa moto nyuma yetu, tukajengeshwa kijiji kimoja kilichobanana ukingoni mwa msitu, juu ya mji wa Embu, kikiwa na handaki lililojaa mianzi iliyochongwa, lango moja, na kituo cha homgadi, wenyeji walioshikishwa bunduki na serikali, juu ya yote. Kuta zilitoa jasho. Ukiegemea, nguo yako inabaki na alama nyekundu. Katika chumba hicho tulilala watatu. Ciarunji, tuliyemwita Cucu, yaani nyanya, alikuwa bibi kizee asiye na mtu, na alipewa kitanda cha fito kwa heshima ya umri wake. Kanyua alikuwa Mmeru wa Kiirua aliyeolewa kwetu. Mume wake alikuwa amechukuliwa na kupelekwa kizuizini, na alipochukuliwa hakujua kwamba ameacha mimba. Mimi nilikuwa msichana wa shule ya misheni iliyofungwa, najua kusoma na kujibu kwa Kiswahili, na kila mtu aliniita mwari, yaani binti, kana kwamba Wanja si jina. Meko yetu yalikuwa mawe matatu katikati. Chakula kilikuwa muthokoi, mahindi yaliyotwangwa yakatoka maganda, na maharagwe machache yaliyokuwa yakionekana na kupotea sufuriani. Mafuta ya kupikia hatukuwa nayo. Kanyua alikuwa na mazoea ya kusimulia, akikoroga sufuria, vyakula vya kwao: viazi vya Kiirua vinavyopasuka vikiiva, na maziwa ya mgando. Cucu Ciarunji alikuwa akimwambia, "Nyamaza bwana, unanitia njaa juu ya njaa," halafu anauliza, "Hivyo viazi, mlikuwa mkivila na chumvi?"

Tuliruhusiwa kutoka langoni kwenda mashambani saa chache kwa siku, chini ya ulinzi, na saa nyingine zote zilikuwa za kuchimba. Kitu pekee kilichobaki kikiwa chetu kwa jina ni kondoo. Nao hata hivyo hawakukaa nasi. Hedimani, mkuu wa kijiji aliyewekwa na serikali, ambaye nitamwita Njagi, alitoa amri kwamba kondoo wote wa kijiji wawekwe katika boma moja, ili wapiganaji wa msituni wasipate nyama. Amri ya namna hiyo ilitolewa mahali pengi, na sitamlaumu kwa hiyo. Ninachomlaumu ni mahali alipochagua. Nyasi nzuri za kilimani, zenye upepo na zisizotuama maji, aliziwekea mifugo yake na ya homgadi wake. Kondoo wetu aliwateremsha kwenye kinamasi kando ya mto, ambapo jioni visubi, vile vijidudu vidogo vinavyouma, vilipanda kama moshi, vikakuingia masikioni na kwenye kope. Kanyua ndiye aliyepangiwa kuwachunga, kwa kuwa hakuweza tena kuinua majembe ya handakini, nami nilimsaidia nilipopewa nafasi. Mvua zilipokolea, kondoo wakapata homa. Hawakuugua sana. Walisimama wameinamisha vichwa, wakadondosha udenda, wengine wakachechemea, kisha baada ya siku chache wakarudi kula kama kawaida. Hakufa hata mmoja. Tulisema ni baridi ya kinamasi, tukasahau.

Wa kwanza kuzaa walizaa vizuri. Tulifurahi, tukawapa wana majina. Kisha ukaja msimu ambao sitausahau. Kondoo jike mmoja mweusi alihangaika asubuhi nzima, Kanyua akapaka mkono mafuta ya taa kwa kukosa kingine, akamsaidia, na kilichotoka hakikuwa na mguu wa kukunjuka. Miguu yote minne ilikuwa imekunjwa na kukaza kama matawi makavu, na shingo imegeukia mgongoni. Kilikuwa kimekufa. Tulikizika. Aliyefuata alizaliwa hai, amenyooka, mzuri wa kutazama, paji la uso tu lilikuwa limevimba kama boga. Alisimama. Akatembea mpaka kwenye ukuta wa boma, akaweka kichwa pale, akaendelea kutembea huku ukuta umemzuia. Tukamgeuza. Akatembea mpaka ukuta wa pili. Mama yake alimwita kwa ile sauti ya chini ambayo kondoo hutumia kwa mtoto wake peke yake, naye hakugeuza kichwa. Kanyua alikaa chini kwenye samadi, mkono juu ya tumbo lake mwenyewe, akamtazama mpaka nikaogopa. Nikamwambia, "Twende, dada, jua limekuwa kali." Akasema, "Hakusikii. Mama anamwita, na yeye hata hasikii."

Habari hazikukaa bomani. Katika kijiji kilichobanana vile, ukikohoa, mtu wa nyumba ya nne anakupa pole. Jioni nililala nikisikia sauti za majirani kupitia udongo. "Mmeona kichwa chake? Wanasema kina maji." "Ni dhambi ya mtu." "Ya nani?" Halafu kimya, kile kimya cha watu wanaoonyeshana kwa kidevu. Na Hedimani Njagi hakuwa mtu wa kuacha kimya kama hicho bila kukitumia. Aliita baraza. Alisimama mbele ya kituo chake, na nyuma yake, juu kilimani, kondoo wake walikuwa wakila nyasi na wanakondoo wao wenye miguu minyoofu wakirukaruka. Hakuhitaji kuwataja, lakini aliwataja.

"Tazameni kule," alisema. "Mungu hana upofu. Kondoo wa watu walio na mikono safi wanazaa kondoo. Kondoo wa watu waliokula kiapo wanazaa vitu. Hii damu mliyoficha ndiyo inatoka sasa. Kila mwanamke ambaye bwana yake hayuko nyumbani atakuja hapa, akiri, aseme nani alimlisha kiapo, atakaswe. Asiyetaka, lango halitafunguka kwake. Atakaa ndani ale udongo."

Kisha akamwonyesha Kanyua kwa fimbo yake. "Na yule Mmeru anayewachunga. Mnaona tumbo lake? Mnafikiri humo kuna nini?"

Kanyua alikuwa ameketi, na alichukua muda kusimama kwa sababu ya uzito. Nilidhani atalia. Akasema, "Hedimani, tumbo langu halikuitwa kwenye baraza hili. Niliitwa mimi. Niulize mimi."

"Basi nakuuliza. Utakiri?"

"Sina cha kukiri."

Aliketi tena, polepole kama alivyosimama. Tangu siku hiyo lango halikufunguliwa kwake isipokuwa kuteremka bomani na kurudi, homgadi akiwa nyuma yake. Shambani asifike.

Nataka mnielewe vizuri hapa, maana vijana hufikiri kukiri kulikuwa jambo jepesi, useme neno ule chakula. Kukiri kulikuwa kutaja. Uliulizwa nani alikulisha, nani alishika tochi, nani alisimama mlangoni, na kila jina ulilotoa lilikuwa mtu atakayefuatwa nyumbani kwake. Na kwa Kanyua kulikuwa na jina moja walilolitaka kuliko yote, la mume wake, ambaye alikuwa bado anahojiwa mahali tusipopajua. Cucu Ciarunji yeye alikwenda kukiri wiki ile ile. Alirudi na jembe lake na ruhusa ya kwenda shambani, akakaa kwenye kitanda chake cha fito akichekea ufizini. "Nimewaambia nililishwa na kaka yangu," alisema. Kanyua akamwuliza, "Cucu, kaka yako yupi?" "Yule aliyekufa wakati wa njaa, kabla nyinyi hamjazaliwa. Waende wakamkamate." Tulicheka mpaka muthokoi ukaungua. Na kila jioni baada ya hapo kizee yule alitoa viazi vitamu kutoka ndani ya nguo zake, akavigawa nusu kwa nusu, na nusu kubwa ikawa ya Kanyua. Sikuwahi kumlaumu Cucu. Kila mtu alipigana kwa kifaa alichokuwa nacho, na yeye alikuwa na wafu wengi.

Hata hivyo maneno yalimchosha Kanyua kuliko njaa. Wanawake waliomhurumia walimwendea wakamwambia akiri kwa ajili ya mtoto. "Maneno ni upepo tu," mmoja alimwambia mlangoni, "lakini mtoto akizaliwa kama wale, utafanyaje?" Alipoondoka, Kanyua aliniuliza, bila kunitazama, "Mwari, wewe umesoma. Shuleni waliwaambia kwa nini kitu kinazaliwa hivi?" Nikamwambia hawakutuambia. Lilikuwa jibu la kweli na nililichukia. Nadhani maisha yangu yote ya ualimu yalianzia hapo, katika hasira ya kukosa jibu wakati mtu ninayempenda ananiuliza.

Vetinari alikuja wakati wa kukagua ng'ombe wa kituo. Hakuwa Mzungu. Alikuwa msaidizi wa daktari wa mifugo, Mmeru aliyeitwa Mutuma, mtu mwembamba wa kaptula ndefu na kofia iliyochakaa, aliyezungumza taratibu kama anayepima kila neno uzito wake. Hedimani alikuwa ameagiza wana wote wenye kasoro wafukiwe mara moja, asubuhi wasionekane. Lakini siku ile kondoo wa Kanyua mwenyewe alikuwa ametoka kuzaa mwana mwenye kichwa cha boga, aliyeishi muda mfupi tu akafa, na Kanyua akamfunga ndani ya kiondo. Tulimkuta Mutuma peke yake kwenye josho, ananawa mikono. Kanyua alimsalimu kwa Kimeru, na nikaona uso wa yule mtu ukibadilika aliposikia lugha ya nyumbani mahali pale. Akaweka kiondo chini, akakifungua.

"Fungua kichwa," alimwambia. "Wewe una kisu. Nataka kujua humo kuna nini kabla sijazaa."

Mutuma alitazama juu kwenye kituo. Alitazama tumbo la Kanyua. Kisha akapiga magoti. Fuvu lilikuwa jembamba kama ganda la yai, na alipolikata yalitoka maji, maji safi, ya rangi ya chai hafifu, na baada ya maji hakukuwa na kitu. Palipopaswa kuwa na ubongo palikuwa na ngozi laini tu na uwazi. Niliona kwa macho yangu. Nikasogea karibu.

Alianza kuuliza maswali, na Kanyua akamjibu. Je, waliugua? Ndiyo, wakati wa mvua kubwa. Homa, udenda, kuchechemea? Ndiyo. Waliokuwa karibu kuzaa wakati wa homa, wana wao wakoje? Wazima. Na waliopandwa baada ya homa kupita? Hao walikuwa bado hawajazaa. Na hawa wenye wana wabaya, walikuwa wamebeba mimba muda gani homa ilipokuja? Kanyua alifikiri. "Miezi miwili hivi. Mimba ilikuwa changa, haijaonekana." Mutuma aliitikia kwa kichwa kila jibu, si kwa mshangao, bali kama mtu anayetembea njia aliyowahi kupita.

"Sikilizeni," alisema. "Kuna vijidudu vidogo kuliko vyote, hadubini yangu haiwezi kuvionyesha. Hivi huletwa na visubi. Mama anaumwa, anapona. Lakini ndani yake kuna mtoto ambaye bado anajengwa. Kijidudu kinapita kwenye kondo la nyuma kinamfikia, na kinaharibu ile nyama changa ambayo ingekuwa ubongo. Mama hajui. Mimba inaendelea. Nyumba inajengwa, lakini fundi wa chumba kimoja amekufa, basi chumba hicho hakipo. Ukija kutazama mwishoni unakuta maji."

"Na miguu?" nikauliza.

"Mtoto hucheza tumboni. Ndivyo viungo vyake vinavyolegea. Huyu ambaye mishipa yake ya fahamu imeharibiwa hachezi. Anakaa alivyokunjwa mpaka viungo vinakaza. Hakuna mtu aliyempinda."

Kanyua akauliza lile swali lenyewe. "Na sisi? Hivyo visubi vimeniuma mimi pia."

Nampenda mtu yule mpaka leo kwa jinsi alivyojibu. Angeweza kumfariji. Alisema, "Sijaona mtu aliyepatwa na huu wa kondoo, wala sijasikia. Lakini kuna maradhi ya watu yanayofanya kazi namna hii, na mimi si daktari wa watu. Siwezi kukuapia. Ninachojua ni kwamba si kiapo." Halafu akaongeza, akiinua kiondo, "Niliwahi kufanya kazi kule Timau, kwenye shamba la Mzungu mwenye kondoo wa sufu. Mwaka mmoja wa mvua nyingi, kondoo wake walizaa hivi hivi. Vichwa hivi, miguu hii. Hakuna aliyemwita yule Mzungu barazani akamwambia akiri."

Nilifundisha sayansi miaka mingi baadaye, katika shule ya wasichana, na kila mwaka nilipofika sura ya kiinitete nilifunga kitabu kwanza nikasimulia josho lile. Niliwaambia wasichana kwamba virusi havihitaji kuwa vikali ili kuleta maafa. Vinahitaji kufika wakati wake. Vikifika mapema mno, mara nyingi mimba hutoka. Vikifika karibu na kuzaliwa, mwana amekwisha kujengwa na anaweza kujitetea. Lakini kuna kipindi katikati, wakati seli za ubongo zinagawanyika kwa kasi na kusafiri kwenda mahali pake, ambapo ugonjwa mdogo wa mama, kikohozi kwake, ni bomoabomoa kwa mtoto. Niliwaeleza kwamba hata kwa binadamu kuna virusi vya namna hiyo, kama rubela, na ndiyo maana tunachanja wasichana. Lakini niliwaeleza pia kwamba palipo na mtoto mwenye kasoro, mtu wa kwanza kuulizwa amefanya nini huwa ni mama yake, na kwamba anayeuliza, mara nyingi, ndiye aliyepeleka kondoo kinamasini.

Siku chache baadaye Bwana Shauri, yule afisa Mzungu wa wilaya, alikuja kusikiliza jinsi utakaso unavyoendelea. Alikaa mezani, Hedimani kando yake, na Mutuma nyuma na kofia mkononi, kwa sababu taarifa yake ya ng'ombe ilitakiwa. Wanawake tuliketishwa chini juani. Hedimani alieleza kwa Kiswahili chake, kwa fahari, kwamba laana imejitokeza na wakaidi wamebaki wachache. Bwana Shauri aliuliza, "Wakaidi nani?" Fimbo ikamwonyesha Kanyua. Kanyua alianza kuhangaika kusimama, na mimi, nikiona jinsi pumzi zilivyomwishia, nikasimama kabla yake. Sikuwa nimepanga.

"Bwana," nilisema, "naomba kuuliza. Kondoo wa Mzungu wa Timau walizaa wana wenye vichwa vya maji na miguu iliyokaza kama hawa wetu. Kondoo wale wa Timau walikula kiapo gani? Na nani aliwalisha?"

Mwanamke mmoja nyuma yangu alicheka, akajiziba mdomo. Kisha mwingine. Kicheko kikatambaa katika safu kama moto wa majani makavu, na homgadi wa karibu akanipiga kofi nikaona nyota. Lakini nilikuwa nikimtazama Bwana Shauri, na niliona shingo yake inakuwa nyekundu. Nadhani aliijua habari ile. Wazungu wa upande ule walitembeleana. Aligeuka akamwuliza Mutuma kwa Kiingereza kama ni kweli. Mutuma alikuwa na mke, na alikuwa na kazi ambayo Waafrika wachache waliipata. Alikunja kofia yake, akaikunjua.

"Ndiyo, bwana," alisema, kwa Kiswahili, kwa sauti ya kutosha sote kusikia. "Nilikuwa huko mwenyewe. Ni ugonjwa wa visubi. Boma liko kwenye kinamasi. Kondoo wa kilimani hawakupata kwa sababu kuna upepo na hakuna maji."

Bwana Shauri akamwambia Hedimani, "Boma hamisha. Peleka juu. Kesho." Akasimama, akavaa kofia. Kuhusu utakaso hakusema neno, wala kumwomba Kanyua radhi, wala sisi hatukutegemea. Mutuma alihamishwa haraka, akapelekwa chini kwenye joto, upande wa Mitunguu, na sikumwona tena. Mimi nilirudishwa handakini kuchimba pamoja na wanaume mpaka mikono yangu ikapasuka. Nilichimba nikiimba. Homgadi alinikataza kuimba, nikapiga mluzi.

Kanyua alizaa mtoto wa kiume chumbani kwetu, mchana, mvua ikipiga nyasi za paa, Cucu Ciarunji akiwa mkunga. Alikuwa na macho maangavu na kilio cha kutoboa ukuta, na mguu wake mmoja ulikuwa umepinda kwa ndani kwenye kifundo. Kanyua aliushika ule mguu, akaupapasa wote kwa kidole gumba, akasema, "Anasikia? Mwiteni." Nikamwita. Mtoto akageuza uso. "Basi," akasema, "mguu tutautafutia njia."

Majirani walipokuja na uji, wakichungulia bila kutaka kuonekana wanachungulia, alimfunua mwenyewe. "Tazameni vizuri mkasimulie sawasawa. Ni mguu. Wapo wanaozaliwa hivi kila mahali, na kabla ya Dharura walizaliwa. Sijui umetoka wapi, na ninyi pia hamjui. Lakini sikukiri kabla, na sitakiri leo." Hedimani alipita baadaye, akasimama mlangoni na kusema, "Nilikwambia." Kanyua akamjibu, huku akinyonyesha, "Uliniambia nitazaa kitu. Nimezaa mtu. Ondoka kwenye mwanga." Mtoto yule alikuja kuwa fundi wa magari makubwa, na mguu wake ulimchelewesha njiani tu.

Lango lilimfungukia tena Kanyua bila tangazo lolote, homgadi mmoja asubuhi moja akageukia upande mwingine akamwacha apite. Mvua nyingine zilipokuja, boma likiwa juu penye upepo, kondoo wetu wakaanza kuzaa. Wale wale waliougua kinamasini. Wana wakatoka wakiwa wamenyooka, wakasimama, wakatafuta kiwele. Hedimani hakuweza kuliacha jambo hilo lipite. Akaita baraza tena, akasema tuone faida ya kukiri, tuone jinsi utakaso ulivyosafisha mifugo.

Kanyua hakuomba nafasi ya kusema. Alitoka kwenye safu akiwa na mtoto mgongoni, akaenda bomani huku kila mtu anamtazama, akarudi na mapacha wa kondoo wake mwenyewe, mmoja kila kwapa. Mama yao alimfuata akilalama. Aliwaweka chini mbele ya fimbo ya Hedimani. "Huyu ni kondoo wangu," alisema. "Mwaka jana alizaa kichwa cha maji. Mimi sikutakaswa, naye hakutakaswa. Hedimani, hawa umewasafisha lini?"

Wanakondoo walisimama wakitetemeka katikati ya watu wote wale. Kisha mama yao akaita, na wote wawili wakageuza vichwa kwa pamoja wakamkimbilia, mbio za kurukaruka, zile za miguu minne hewani. Cucu Ciarunji ndiye aliyeanza. Alikuwa hana meno, lakini vigelegele havihitaji meno. Tukamfuata wanawake wote, vigelegele vile vile tunavyompokelea mtoto mchanga, juu mpaka kituoni na chini mpaka mtoni. Mikusanyiko ya kelele ilikuwa imekatazwa, nyimbo zilikuwa zimekatazwa, hata ngoma. Homgadi walitazamana, wakamtazama Hedimani, na hakuna aliyejua kama kufurahia kondoo ni kosa.

Tukaendelea mpaka sauti zikatukauka.